Mvua, Joto na Umri wa Mbu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi jioni ya leo tuseme habari za mbu wa malaria na majira ya mwaka. Pengine wako waliokuja wakidhani ya kuwa jambo hili ni la waganga peke yao, wala halimhusu karani wa kodi au karani wa mahakama. Twawaomba watuvumilie kidogo. Katika vituo vingi vya kazi yamo madaftari mawili yanayoandikwa kwa mikono yetu sisi: moja ni la kipimo cha mvua, la pili ni la wagonjwa wa zahanati. Madaftari hayo hukaa katika nyumba mbalimbali, huandikwa na watu wasioulizana, na mwisho wa mwezi kila moja hupeleka hesabu zake kwa mkubwa wake. Ni mara chache sana kuwekwa juu ya meza moja. Neno letu la leo ni kwamba yakiwekwa pamoja yatasema jambo ambalo kila moja peke yake haliwezi kulisema, na jambo hilo ni la uhai wa watoto. Katika mwaka 2023, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 ulimwenguni, na katika kila 100 waliokufa, zaidi ya 90 walikuwa wa bara letu la Afrika, na wengi wao hawakutimiza miaka mitano.

Watu husema, mvua ikija, homa yaja. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulibezi, maana wazee waliligundua kwa macho yao bila kioo cha kukuzia. Lakini lina upungufu. Kama mvua ndiyo homa, mbona zahanati hujaa Juni, wakati mawingu yamekwisha kuondoka na watu wanavuna? Mbona mwaka mwingine mvua huwa kubwa ya kuvunja madaraja, na homa ikapungua? Mbona katika bonde la Kilombero watu huugua hata katikati ya kiangazi? Tena mbona wako wazee wa milimani waliozeeka bila kuijua malaria, kisha mwaka mmoja ikawashukia ikaua wakubwa kwa wadogo? Maswali haya hayajibiwi na mvua peke yake. Sharti tumjue mbu mwenyewe, na hasa sharti tuujue umri wake.

Mbu hazaliwi na malaria. Jambo hili lafaa kusemwa waziwazi, maana wengi hudhani ya kuwa maji machafu yana malaria ndani yake na mbu huichota humo. Sivyo. Dume la mbu halinyonyi damu kabisa, hujilisha utamu wa mimea. Jike ndiye anyonyaye, kwa kuwa ataka damu ya kuyakomaza mayai yake. Tena si kila jike, bali wale wa jamii ya Anofelesi, ambao wakitua huinua sehemu ya nyuma kama mtu aliyeinama kunywa maji mtoni. Jike huyo akimnyonya mtu mwenye vijidudu vya malaria huvimeza pamoja na damu, lakini hawezi kumpa mtu mwingine siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile yote. Vijidudu huzaana kwanza katika ukuta wa tumbo lake, kisha hupanda mpaka kwenye tezi za mate, ndipo mbu yule awe wa hatari. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, aliviona vijidudu hivyo tumboni mwa mbu, na tangu siku ile mbishano kuhusu hewa mbaya ya mabonde ukaanza kwisha.

Sasa safari hiyo ya kutoka tumboni mpaka kwenye mate ina siku zake, na siku hizo huamriwa na joto. Wataalamu wana kanuni ya makadirio ambayo kila karani aweza kuifanya kwa penseli. Kwa kijidudu kile kiuacho zaidi katika Afrika, kiitwacho falsiparum, chukua digrii za joto la hewa kwa kipimo cha sentigredi, utoe 16, kisha ugawanye 111 kwa kile kilichobaki. Jibu ni idadi ya siku. Katika digrii 30, zitakuwa siku 8. Katika digrii 25, siku 12 na kidogo. Katika digrii 20, siku 28. Katika digrii 18, zaidi ya siku 55. Na katika digrii 16 hakuna kinachobaki cha kugawanya, yaani kijidudu hakikui kabisa.

Twaomba sasa mtufuate katika hesabu ya pili, kwani hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Mbu naye hufa. Huliwa na buibui na mjusi, huchapwa kofi, hukauka kwa jua. Tuchukue kwa mfano kwamba katika kila mbu 10 hufa mmoja kila siku, na tuanze na mbu 100 walionyonya damu yenye vijidudu usiku mmoja. Katika nchi ya digrii 25 lazima waishi siku 12 kabla ya kuwa na hatari. Siku hiyo ya kumi na mbili watakuwa wamebaki 28. Katika nchi ya digrii 20 lazima waishi siku 28, na waliobaki watakuwa 5. Katika nchi ya digrii 18, hata tukianza na mbu 1,000, watakaofika siku ya 55 ni watatu tu. Tazameni basi: tumeshuka digrii 7, nasi tumetoka mbu 28 katika 100 tukafika 3 katika 1,000. Hakuna dawa wala chandarua iliyotumika hapo. Ni baridi tu, na umri.

Tena tuubadili mfano. Tubaki katika digrii 25, lakini iwe kiangazi kikavu, upepo wa vumbi, na unyevu wa hewa umeshuka hata mbu wafe wawili katika kila 10 kwa siku. Katika wale 100 watafika siku ya kumi na mbili 7 tu badala ya 28. Wataalamu huona kwamba unyevu wa hewa ukipungua chini ya sehemu 60 katika 100 maisha ya mbu hufupishwa sana. Basi mvua hutenda kazi mbili: yampa mbu maji ya kutagia, tena yampa hewa ya kuishi muda mrefu. Wengi wetu huikumbuka ile ya kwanza na kuisahau hii ya pili.

Asidhani mtu, akiisha kusikia hesabu hii, ya kuwa joto likizidi daima homa nayo itazidi. Joto likipita kiasi mbu mwenyewe hudhoofika, viluwiluwi hufa katika maji ya moto, na dimbwi hukauka kabla hawajapata mabawa. Wataalamu waliotangaza hesabu zao mwaka 2013 waliona kwamba malaria husafiri vizuri kuliko vyote karibu na digrii 25, na kupita hapo huanza kupungua. Digrii 25 ni joto la pwani yetu wakati wa kipupwe, na ni joto la miji mingi ya bara kwa miezi mingi ya mwaka. Basi twaweza kusema, kwa uchungu kidogo, ya kuwa hali ya hewa tuliyojaliwa nasi ndiyo aipendayo mbu.

Tuje kwenye kalenda. Tuseme mvua ya kwanza ya masika imenyesha tarehe 15 Machi, madimbwi yakasimama. Jike wa Anofelesi hutaga mayai yapatayo mia moja kwa mara moja, juu ya maji, moja moja. Baada ya siku mbili tatu huanguliwa yakawa viluwiluwi, kisha mabuu, na penye joto la kutosha mbu kamili huruka baada ya siku 10 hivi. Hiyo ni tarehe 25 Machi. Siku mbili tatu hupita kabla jike hajapata damu, tuseme 28 Machi. Kama damu hiyo ina vijidudu, siku 12 nyingine, yaani 9 Aprili, ndipo aweze kumwambukiza mtoto. Na mtoto aliyeumwa usiku huo hatapata homa kesho. Vijidudu hukaa kwanza katika ini, na siku zipatazo 12 hupita. Basi mgonjwa wa kwanza wa mvua ya tarehe 15 Machi huandikwa katika daftari la zahanati karibu na tarehe 21 Aprili, wiki tano baadaye. Na huyo ni wa kwanza tu! Kizazi cha pili cha mbu kimekwisha kuruka, na cha tatu kipo majini, na kila mgonjwa ni chakula cha mbu wengine. Ndiyo sababu kilele cha homa, katika nchi zenye masika ya Machi hadi Mei, huonekana Mei, Juni, na mara nyingine Julai, watu wakishangaa kwamba mvua zimekwisha.

Kwa hiyo daftari la mvua latangulia daftari la wagonjwa kwa wiki tano au zaidi. Mtu anayengoja zahanati ijae ndipo aagize dawa amekwisha kuchelewa wiki tano. Lakini karani wa kipimo cha mvua, ambaye pengine hakupata kamwe kuulizwa neno na mganga yeyote, alikuwa na onyo hilo mkononi mwake tangu Machi.

Hata hivyo mvua nayo ina kipimo chake. Mbu aitwaye gambiae, mpenda watu kuliko wote, hutaga katika maji madogo yaliyo wazi juani: nyayo za ng'ombe, matuta ya magurudumu barabarani, mashimo tuliyochimba udongo wa tofali na tukaacha kuyafukia. Mvua ya wastani, inyeshayo na kuacha, ikanyesha tena, hujaza vyombo hivi vyote. Lakini mvua ya gharika huvisafisha. Viluwiluwi husombwa na maji, na mengi ya mashimo yale hugeuka kuwa mto. Katika milima ya Usambara jambo hili lilionekana wazi. Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998, wakati wa El Niño, mvua ilinyesha huko kupita kawaida kabisa, na kila mtu alitazamia homa kubwa. Wataalamu waliokuwa wakipima katika vijiji vya milima hiyo wakakuta malaria imepungua kuliko mwaka uliotangulia. Walidhani, nasi twaona dhana yao ni nzuri, ya kuwa mvua iliyafagia mazalio.

Lakini mvua za El Niño ile ile zilileta msiba mkubwa mahali pengine. Katika nchi kavu ya kaskazini mashariki ya Kenya, upande wa Wajir, ambako maji ni ya kutafutwa kwa ngamia, mafuriko yalisimama juu ya ardhi tambarare wala hayakuwa na pa kwenda. Mwanzoni mwa 1998 malaria ilizuka huko kati ya watu ambao miili yao haikuizoea, ikaua wengi. Katika nyanda za juu za Kabale, Uganda, nako homa iliongezeka. Mvua zilikuwa za mwaka mmoja, nchi zikawa tatu, na matokeo hayakufanana. Kwa sababu hiyo haitoshi kusoma katika gazeti kwamba mvua zitakuwa nyingi. Yafaa kila kituo kijue maji yake hukaa wapi yakiisha kunyesha.

Sasa tuseme habari za kiangazi, maana hapa ndipo watu wengi hukunja vyandarua vyao wakaviweka sandukuni. Gambiae akipungua kwa kukauka kwa madimbwi, yuko mwenzake aitwaye funestus ambaye hayapendi madimbwi ya jana. Yeye hutaka maji yanayodumu, yenye majani na kivuli pembeni: kingo za mito ya polepole, vinamasi, mabwawa, visima vya wazi. Maji hayo hutengemaa mvua zikiisha. Basi huyu huanza kuzidi pale mwenzake anapopungua, na homa hupokezwa kama zamu ya walinzi. Katika vijiji vya bonde la Kilombero, wataalamu wa Ifakara walitangaza mwaka 2017 kwamba funestus, ijapokuwa alikuwa mchache kuliko wenzake walionaswa, ndiye aliyeleta zaidi ya sehemu 80 katika 100 za maambukizo yote. Alikuwa mchache, lakini hupenda damu ya watu, tena huishi muda mrefu. Tunarudi pale pale kwenye umri.

Funestus ana tabia nyingine ya kuangaliwa, nayo ni kupenda kupumzika ndani ya nyumba, ukutani na darini. Katika miaka ya 1955 hadi 1959, nyumba za Pare na Taveta zilinyunyiziwa dawa ya dieldrini, na funestus akatoweka karibu kabisa, wakati jamaa za gambiae, walio na desturi ya kutoka nje pia, hawakutoweka. Dawa ile imekwisha kukatazwa kwa sababu ya ubaya wake kwa viumbe, nasi hatuisifu. Twaitaja ili ijulikane kwamba mbu wa kiangazi yumo chumbani mwetu.

Wako na wengine, nao tutawapita upesi. Arabiensis hustahimili nchi kavu kuliko gambiae, hunyonya ng'ombe kama anyonyavyo watu, na huzaliana sana katika majaruba ya mpunga. Merus ni wa pwani, viluwiluwi wake huweza kuishi katika maji ya chumvi, hivyo yeye hutazama pia kujaa kwa bahari.

Na wale gambiae wa nchi zenye kiangazi kirefu, huenda wapi? Swali hili liliwasumbua wataalamu muda mrefu. Katika Mali, ambako miezi mingi hupita bila tone la maji juu ya ardhi, mbu aliyetiwa alama mwishoni mwa mvua alinaswa tena miezi saba baadaye katika kijiji kile kile, naye kwa desturi haishi zaidi ya mwezi. Ilionekana basi ya kuwa baadhi yao hujificha wakapunguza maisha yao yasiende mbio, mpaka mvua irudi. Tena mwaka 2019 wataalamu hao walitangaza kwamba kwa puto walinasa mbu wa Anofelesi wakichukuliwa na upepo wa usiku, wengine mita 290 juu ya ardhi. Kwa hiyo mvua ya kwanza haingoji mbu watoke mbali kwa miguu yao. Wengine wamelala karibu, wengine waja na upepo.

Tumefika milimani, na hapa twaomba ndugu zetu wanaotoka Lushoto, Njombe, Mbulu na Kericho watusikilize kwa makini. Kila mtu apandapo mita 1,000 joto hushuka digrii 6 hivi. Ndiyo sababu milima ilikuwa kimbilio. Lakini kimbilio hilo limesimama juu ya ile hesabu ya digrii 18 na digrii 20. Rudini kwenye karatasi zenu: katika digrii 18 mbu watatu katika 1,000, katika digrii 20 mbu watano katika 100, yaani 50 katika 1,000. Digrii mbili tu za kupanda, na hatari imezidi zaidi ya mara kumi na tano. Katika nchi ya digrii 27, digrii mbili hazionekani. Katika nchi ya digrii 18 ni kama kuvunjika kwa boma.

Yalikwisha kutokea zamani. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ilipata mlipuko wa malaria mwaka 1926, na tena mwaka 1940, baada ya mvua kubwa. Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya milipuko ilionekana katika miaka ile ile, wakati reli na barabara zilipokuwa zikipeleka watu na bidhaa, na mbu pamoja nao. Kisha ikatulia kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1980 na 1990 ikarudi katika mashamba ya chai ya Kericho. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu yake. Wengine mwaka 2002 walisema joto la mahali pale halikubadilika kwa kadiri ya kuonekana, na kwamba sababu kubwa ilikuwa dawa ya klorokwini kushindwa nguvu. Wengine mwaka 2006 walizitazama hesabu za joto kwa miaka mingi zaidi wakasema limepanda, na kwamba hata nyongeza ndogo ya joto huongeza mbu kwa wingi usiolingana nayo. Kwa maoni yetu pande zote mbili zina haki yao: dawa ilishindwa kweli, na joto nalo limepanda. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwa hesabu za wagonjwa wa Ethiopia na Kolombia kwamba katika miaka ya joto malaria hupanda kwenye vijiji vya juu zaidi, na katika miaka ya baridi hushuka. Ushahidi huo ni mgumu kuukana.

Jambo hili latugusa sisi watumishi kwa namna ya pekee, kwa sababu ya uhamisho. Mtu aliyekulia Njombe hana kinga katika damu yake, na mara barua yaja, aripoti Kilosa. Afika Aprili na mkewe na watoto wadogo, apewa nyumba ya kazi, na wengi wetu tumekaa katika nyumba za kazi zilizojengwa bondeni, mahali ambapo aliyezipanga hakukusudia kulala yeye. Mwezi Juni mtoto wa kwanza yuko hospitali. Na aliyekulia Kilosa, akikaa milimani miaka mingi, kinga aliyoipata utotoni hupungua. Akirudi likizo kwao wakati wa mavuno hujiona mwenyeji, kumbe mwili wake umekuwa mgeni. Kama barua za uhamisho haziwezi kuangalia kalenda ya mbu, basi sisi tunaozipokea tuiangalie, na chandarua kiwe kitu cha kwanza kufunguliwa katika mizigo, kabla ya sufuria.

Bado neno moja la mijini. Tangu mwaka 2012, mbu aitwaye stephensi, ambaye asili yake ni Asia, amekuwa akionekana Afrika, kwanza Jibuti, kisha Ethiopia na Sudani, na habari za kuonekana kwake kaskazini ya Kenya zilitoka mwaka 2023. Huyu hazingojei mvua. Huzaliana katika matangi ya maji, mapipa na visima vya mjini, kiangazi na masika. Jibuti ilikuwa na wagonjwa 27 tu waliohesabiwa mwaka 2012, na mwaka 2020 walipita 73,000. Mbu huyo akienea, kalenda yote tuliyoieleza usiku huu itakuwa na ukurasa mwingine, na ukurasa huo utaandikwa na vifuniko vya matangi yetu. Twawasihi wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa, wanaohifadhi maji kwa sababu bomba halitoki kila siku, wafunike tangi barabara, pasibaki hata tundu la kupitisha penseli.

Sasa twaja kwenye ombi letu, Bwana Mwenyekiti, nalo si la fedha. Twaomba kila tawi la chama limchague mwanachama mmoja, apate ruhusa ya wakubwa wake, achukue karatasi moja ya mistari. Juu aandike miezi kumi na miwili. Chini ya kila mwezi aandike mvua kwa milimita, na chini yake idadi ya wagonjwa waliopimwa damu wakaonekana na malaria. Tunasema waliopimwa, maana si kila homa ni malaria, na daftari lililochanganya homa zote litatudanganya. Kama kituo kina kipimajoto, aandike na joto, hasa milimani. Afanye hivyo kwa miaka kumi iliyopita, kama yapatikana, kila mwaka mstari wake. Haihitaji elimu ya udaktari. Yahitaji mwandiko unaosomeka, na uvumilivu ambao sisi makarani tumeufanyia mazoezi ya kutosha.

Karatasi hiyo ikiisha, itaonekana kwa jicho tu wiki ngapi hupita katika kituo hicho kati ya mvua na homa. Penye Kilombero pengine itaonekana vilele viwili, cha gambiae na cha funestus. Penye milima itaonekana miaka mingi mitupu, kisha mwaka mmoja uliosimama kama mnazi peke yake, na hapo mtu atauliza joto la mwaka huo lilikuwaje. Mganga wa kituo apewe nakala, ili dawa na vipimo viagizwe kabla, na nyumba zinyunyiziwe kabla ya mvua wala si baada yake, kwa kuwa dawa ya ukutani hudumu miezi michache tu, na ikinyunyizwa mapema mno huwa imekwisha nguvu Juni. Nakala ya pili ibandikwe katika ukuta wa afisi, mahali ambapo mtumishi mgeni ataiona siku ya kuripoti.

Twajua litakaloulizwa, kwamba mambo haya yamekwisha kupelekwa makao makuu na huko wako wenye mashine za kuyahesabu. Ni kweli, na kazi yao ni njema. Lakini hesabu za mkoa mzima huchanganya bonde na mlima, na mbu mmoja kwa kawaida haendi mbali zaidi ya maili moja mbili. Kijiji kilicho chini ya kilima na kile kilicho juu yake huenda vikahitaji kalenda mbili.

Tumesikia kutoka kwa baadhi ya wenzetu ya kuwa katika vituo vingine daftari za miaka ya nyuma hazipo, zimeliwa na mchwa, au karatasi zake zimeonekana sokoni zimefungiwa karanga. Makarani wa zahanati walio hapa watatueleza hali ilivyo kwao, na Katibu aandike majina ya vituo. Pale palipo na daftari za miaka mitatu, na tuanze na mitatu. Pale pasipo na kitu, kipimo cha mvua hugharimu kidogo, na masika ijayo haiko mbali.